Dhima ya Kiumbe wa Ngano katika Fantasia ya Watoto: Mfano wa Nils Holgersson

Fantasia ya watoto yenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hutambulishwa kwa viumbe wa ajabu waliorithiwa kutoka katika ngano. Suala la msingi ni iwapo viumbe hao ni pambo la masimulizi au ndio wanaobeba maadili yake. Riwaya ya Selma Lagerlöf kuhusu safari ya Nils Holgersson nchini Sweden, iliyochapishwa kwa juzuu mbili mwaka 1906 na 1907, ni mfano mwafaka. Iliandikwa kwa ombi la chama cha walimu ili ifundishe jiografia shuleni, lakini msuko wake umejengwa juu ya imani ya jadi.

Katika imani hiyo, tomte ni kiumbe mdogo anayelinda nyumba na mifugo. Hutengewa uji wakati wa Krismasi, naye huwaadhibu wanaotesa wanyama. Nils, mvulana wa miaka 14 mwenye tabia hiyo ya kutesa, anamnasa tomte kwa wavu, anakubali fidia ili amwachilie, kisha anavunja ahadi kwa tamaa. Anapigwa kofi na kujikuta amekuwa mdogo kama tomte mwenyewe. Adhabu inalingana na kosa: aliyewaonea wanyonge anaonja unyonge, na papo hapo anaanza kuelewa lugha yao.

Upekee wa riwaya unajitokeza katika sharti la kurejeshewa umbo. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa mwaka 1928, alionesha kuwa shujaa wa ngano hupewa jaribio na hutuzwa akilitimiza. Nils anafahamu kwamba atarudia ubinadamu iwapo Mårten, bata bukini dume aliyembeba hadi Laplandi, atarudishwa nyumbani achinjwe. Anakataa. Mama yake anapokaribia kumchinja ndege huyo, Nils anajitokeza kumwokoa bila kujali aibu ya udogo wake, na hapo ndipo anaporudi kuwa binadamu.

Kwa hiyo, Lagerlöf anahifadhi tomte wa jadi lakini anageuza kanuni ya tuzo: kinachomkomboa Nils ni huruma, wala si utiifu kwa sharti. Ukombozi huo una gharama pia, kwani Nils haelewi tena lugha ya mabata bukini. Kiumbe wa ngano, basi, ndiye mhimili wa maadili ya riwaya.