Kabla ya kuruka, alale kwanza

Mama mmoja alinionyesha video kwenye simu: watu waliovaa mavazi yenye mabawa wakijirusha kutoka mlimani. “Daktari, mwanangu yuko Afrika Kusini, anataka kwenda China kushindana. Nimwambie nini?”

Sikumficha. Mashindano ya Mlima Tianmen yalianza mwaka 2012. Mwaka 2013, Viktor Kovats wa Hungary alifariki hapo akifanya mazoezi. Warukaji huzidi kilomita 160 kwa saa, na kwa kawaida hubeba parachuti moja tu, bila ya akiba.

Kama ameshaamua kwenda, basi awahi kufika. Saa 2 asubuhi ya China, mwili wake bado unahesabu saa 8 usiku. Kila saa moja ya tofauti huhitaji takriban siku moja kuzoeleka. Kwake ni kama siku sita. Aliyekosa usingizi huchelewa kuamua, na kwa kasi hiyo sekunde moja ni zaidi ya mita 40. Aepuke pombe. Baadhi ya dawa za kichefuchefu cha safari nazo husinzisha.

Mzazi, usimgombeze. Mpigie umuulize: “Umelala vizuri?” Akisema hapana, mwombe asiruke siku hiyo.