Wanaume wa kale wa Hispania walikwenda wapi?

KATIKA kaburi moja la kale huko Castillejo del Bonete, Hispania, mwanamume na mwanamke walizikwa pamoja yapata miaka 4,000 iliyopita. Kwa macho ni mifupa tu. Vinasaba vimesema zaidi: mwanamke alikuwa wa ukoo wa wenyeji, ilhali mwanamume alikuwa na asili ya wahamiaji ambao mababu zao walitoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, kutokana na mabaki ya watu 271, ulionyesha kuwa hawakuwa peke yao. Kufikia mwaka 2000 hivi kabla ya Kristo, wageni walikuwa wamechangia asilimia 40 ya asili ya watu wa Hispania na Ureno za leo. Lakini kwa upande wa akina baba, walichukua karibu asilimia 100.

Hesabu hizo mbili hazigongani. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume pekee, na mabadiliko madogo yanayojitokeza mara chache hubaki humo kama chapa kwenye ng'ombe. Asiyezaa mtoto wa kiume, hata awe na mabinti kumi, mstari wake umekatika. Wenyeji hawakuisha, ila damu yao ilipita zaidi kwa akina mama.

Je, wanaume hao waliuawa? Vinasaba haviwezi kujibu. Badiliko lenyewe lilichukua karne kadhaa, na huenda ilitosha wageni kuwa na mali, hadhi na wake wengi zaidi. Wanaokimbilia neno "uvamizi" wanasema kuliko mifupa yenyewe.

Chapa ya wageni hao inaitwa R1b, na ndiyo imetawala Ulaya Magharibi. Ndugu yake, R1a, imeenea kutoka Ulaya Mashariki hadi kaskazini mwa India. Shina lao, R, limeonekana kwa mtoto wa kiume aliyezikwa Mal'ta, karibu na Ziwa Baikal huko Siberia, miaka 24,000 iliyopita.

Wabaski ndio wanaovuruga hesabu. Wanaume wao wengi ni R1b, lakini Kibaski hakina undugu na Kihispania wala lugha nyingine yoyote inayojulikana iliyo hai. Baba wa nyikani, lugha ya wenyeji.

Msomaji wa Mombasa au Kilwa hatashangaa sana. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi kama huo wa makaburi ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, yakiwemo ya Mtwapa na Songo Mnara. Mistari mingi ya kiume ilitoka Asia, hasa Uajemi. Ya kike, karibu yote, ilikuwa ya Kiafrika. Watoto wao walizungumza Kiswahili.