Mwanamke Aliyempa Jina Samaki wa Tanga

Wavuvi wa Kigombe, kusini ya mji wa Tanga, wanamjua silikanti: samaki mzito, mwenye magamba magumu na mapezi yenye nyama kama miguu. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba jina lake la kitaalamu, Latimeria, limetokana na mwanamke.

Bibi Marjorie Courtenay-Latimer alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1907. Alikuwa akijiandaa kusomea uuguzi alipopewa, mwaka 1931, kazi ya kutunza makumbusho madogo katika bandari ya East London. Shahada hakuwa nayo; alikuwa na bidii na jicho la kuona.

Tarehe 22 Desemba 1938 aliitwa gatini kukagua samaki wa Nahodha Goosen. Chini ya rundo aliona pezi la buluu. Samaki huyo alikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Dereva wa teksi alilalamikia harufu. Chumba cha maiti kikakataa kumhifadhi. Mwenyekiti wa makumbusho akasema ni chewa tu. Bibi Latimer hakuyumba. Alimchora, akamwandikia mtaalamu J.L.B. Smith, na ngozi ikakaushwa. Februari 1939 Smith alifika, akathibitisha kuwa ni silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu miaka milioni 70 hivi iliyopita.

Bibi huyo aliendelea na makumbusho yale, akawa mkurugenzi wake, hadi alipostaafu mwaka 1973. Alifariki Mei 2004. Katika miaka hiyo hiyo silikanti walianza kunaswa Tanga, katika nyavu za jarife zilizotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Hapo ndipo penye mtihani. Utafiti wa mwaka 2021 umeonyesha kuwa silikanti huweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua yapata miaka mitano. Akinaswa mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Lakini jarife nalo ni karo ya watoto na unga wa jioni. Mvuvi atakiwaye kuliacha hana budi aonyeshwe riziki nyingine.

Nasi wazazi tuna letu. Binti akirudi kutoka ufukoni na kombe asilolijua jina, tusimkemee kwa kuchafua nyumba. Tumsaidie kuuliza.