Kurudi, Kukataliwa na Kuondolewa: Istilahi za Orodha za Barua Pepe

Barua ya karatasi ikipelekwa Musoma kwa sanduku la posta lisilokuwapo, humrudia mwandishi ikiwa imeandikwa sababu. Barua pepe nayo hurudi, ila sababu yake huandikwa kwa tarakimu na kwa lugha ngeni, na mtumishi anayetunza mashine hana budi kuifasiri kabla ya kutenda. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno "kurudi" peke yake halitoshi, na kwamba upungufu huo wa istilahi waweza kumnyima mtu barua anazozihitaji.

Tuchukue mfano. Tuseme ofisi moja mjini Musoma ina seva yake yenyewe, yaani mashine ya kupokea na kupeleka barua pepe, na kwayo huwapelekea taarifa walimu wa Bunda na Butiama ambao anwani zao zimo katika orodha moja. Asubuhi moja mtunzaji anakuta habari za barua tatu ambazo hazikufika. Ya mwalimu wa Bunda ina tarakimu 550 na 5.1.1. Ya mwalimu wa Butiama ina 452 na 4.2.2. Ya mwenzake wa huko huko Butiama ina 550 na 5.7.1. Mtunzaji akiridhika kusema kwamba zote "zimerudi", huenda akawafuta walimu wote watatu. Wawili kati yao watakuwa wameonewa.

Kanuni za kupelekeana barua pepe zilizochapishwa mwaka 1982, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, zilizipa tarakimu hizo maana. Jibu likianza na 4, seva inayopokea imeahirisha tu, na barua ijaribiwe tena baadaye. Likianza na 5, imekataa. Katika namba yenye nukta, tarakimu ya katikati hutaja chanzo: 1 ni anwani, 2 ni sanduku la mpokeaji, na 7 ni usalama au masharti. Kwa msingi huo tunapendekeza istilahi tatu:

(a) Kuahirishwa. Mathalan, sanduku la mwalimu limejaa. Seva hurudia kujaribu, mara nyingi kwa siku nne au tano. Jina lisifutwe.

(b) Kukataliwa kwa anwani. Anwani haipo, au imeandikwa vibaya. Jina lisahihishwe, au lifutwe.

(c) Kukataliwa kwa masharti. Anwani ni sahihi na mwenyewe yupo, lakini seva yake haimwamini mpelekaji. Kosa litafutwe Musoma, si Butiama. Mtunzaji aangalie kama kikoa cha ofisi, yaani jina linalofuata alama ya @, kinazitaja mashine zilizoruhusiwa kutumia jina hilo, na kama barua zina saini ya kuzithibitisha.

Umuhimu wa istilahi ya tatu ulidhihirika Aprili 2014. Kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba barua yoyote yenye anwani yake ambayo haikuthibitishwa kuwa imetoka kwake ikataliwe. Orodha nyingi zilikuwa zikisambaza barua za wanachama kwa anwani za wanachama hao hao. Basi, mwenye anwani ya Yahoo alipoandika, seva za wenzake ziliikataa barua yake, na programu za kuendesha orodha zikawahesabia kosa wenzake hao, ambao walikuwa wapokeaji tu. Wengi walikatiwa barua kwa sababu ya barua ya mtu mwingine. Mashine haikutofautisha (b) na (c).

Hapa twafikia kundi la pili la istilahi. Programu iitwayo Mailman, mathalan, humwekea mwanachama alama barua zake zinaporudi. Alama zikifika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni 5, husimamisha barua zake, humwonya, na mwisho humfuta. Kumbukumbu za ofisi zikiandika tu kwamba mtu "ametoka", haijulikani ni nani aliyemtoa. Kwa bahati njema, viambishi vya Kiswahili hueleza jambo hili waziwazi. Amejiondoa: ametaka mwenyewe. Amesimamishwa: bado yumo, lakini hapelekewi. Ameondolewa: mashine au mtunzaji amemfuta.

Tofauti hii ni ya haki pia. Aliyejiondoa asirudishwe bila idhini yake. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimewataka wapelekaji wakubwa wa matangazo kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na kulitimiza ombi hilo katika muda wa siku mbili. Aliyeondolewa, kwa upande wake, astahili kuulizwa, kwani pengine hajui kwamba hayumo, na hudhani kwamba ofisi imenyamaza.

Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi katika barua na kumbukumbu zao za kila siku, na kutueleza zilipowafaa na zilipowakwaza. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na ile isiyomsaidia mtunzaji wa Musoma kuamua nani afutwe na nani abaki haina budi kutafutiwa badala yake.