Nilichoma mtaji kwa hasira: nilichojifunza kwa wacheza poka

Leo siongelei picha za bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Naongelea kitu kilichoniunguza mimi mwenyewe, na dawa yake nikaja kuipata mahali ambapo sikutegemea kabisa, kwa watu wanaocheza karata kwa pesa.

Kabla hujanishukia: sikuambii ukacheze. Nitafika huko.

Mimi nauza viatu vya kike mtandaoni. Mzigo nachukua Kariakoo, wateja wangu wengi wako mikoani. Mwaka jana mteja mpya aliagiza pea kadhaa, jumla 380,000. Akanitumia meseji ya muamala, jina lipo, kiasi kipo, kila kitu kipo. Nikafunga mzigo nikaupeleka kwenye basi. Jioni naenda kutoa hela, salio ni lile lile la asubuhi. Meseji ilikuwa feki. Nikipiga namba, haipatikani.

Sasa hiyo 380,000 siyo habari yenyewe. Wengi wetu tumeshaliwa hivyo. Habari ni kilichofuata kati ya saa mbili na saa nne usiku ule.

Nilikaa kitandani na simu, moyo unadunda, nawaza kitu kimoja tu: hii hela lazima irudi wiki hii. Kwenye grupu la jumla kuna mtu kaposti raba za kike, pea 100 kwa 1,400,000, "wahi mzigo unaisha". Siku nyingine ningeuliza saizi, ningeomba video, ningechukua pea kumi za kujaribu. Usiku ule sikuuliza kitu. Nilikuwa na 500,000 ya biashara. Nikachukua na 900,000 ya kodi ya nyumba ya miezi sita, nikajumlisha, nikatuma. Halafu usiku huohuo nikalipia tangazo la 120,000 kwa picha za yule muuzaji, ili mzigo ukifika tu uondoke.

Saizi zilikuwa ndogo. Iliyoandikwa 40 ilikuwa inamkaa mtu wa 38. Wenye miguu midogo walichukua pea 38 kwa 18,000. Walioagiza saizi kubwa wakarudisha, nauli na bodaboda za kurudisha zikala 60,000. Zile pea 62 nilizimwaga kwa machinga kwa 5,000 kila moja.

Piga hesabu. Mauzo yote 994,000. Kwenye mzigo peke yake nimepoteza 406,000, weka tangazo, weka nauli, inakuja 586,000. Yaani tapeli alinila 380,000, na mimi nikajila 586,000 kwa mkono wangu mwenyewe. Mume wangu alijua siku ambayo mwenye nyumba alimpigia yeye simu. Hilo sitalielezea zaidi.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye anashinda YouTube akiangalia mashindano ya poka ya Marekani, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Dada, wewe ulikuwa kwenye tilti."

Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akanieleza, na toka siku hiyo sijaacha kuifikiria.

Tilti ni ile hali ya mchezaji kuliwa vibaya, kupandwa na hasira, halafu kuanza kuweka pesa kwenye karata ambazo saa moja nyuma angezitupa bila kufikiri. Neno lilitoka kwenye mashine za zamani za mchezo wa gololi: ukiitikisa mashine kwa nguvu inawasha neno hilo, vitufe vinaganda, na gololi yako inapotea. Sisi tuna maneno yetu mawili ya hilo, hasira hasara. Tofauti ni kwamba sisi tunayasema baada ya kuumia. Wachezaji wazuri wa poka wameigeuza kuwa kazi ya kila siku: kujua hasira yako inaanzaje, na kuinuka mezani kabla haijakushika mkono.

Ngoja nieleze mchezo wenyewe kidogo, maana bila hivyo haitaeleweka. Katika poka inayochezwa zaidi, Texas Hold'em, kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu karata tano zinafunuliwa mezani kwa hatua, wote wanazitumia. Kila hatua unaamua: uongeze pesa, ufuate, au utupe karata zako uache raundi ipite. Hushindani na mashine, unashindana na watu waliokaa nawe mezani, na mwenye meza anachukua kamisheni yake.

Karata bora za kuanzia ni esi mbili. Zinakuja kwa wastani mara moja katika kila raundi 221. Ukizipata, na mwenzako ana kingi mbili, mkijilipua wote hapohapo, wewe utashinda karibu mara nne katika tano. Rudia kusoma. Una karata bora kuliko zote, umefanya kila kitu sawasawa, na bado mara moja katika tano unaliwa mtaji wako wote ulio mezani. Hakuna akili itakayoondoa hiyo mara moja. Kwa hiyo mtu anayeishi kwa poka lazima ajifunze mambo mawili ambayo sisi wauzaji tunayakwepa: kutopima akili yake kwa matokeo ya siku moja, na kutoweka mezani pesa ambayo ikipotea inamtoa mchezoni.

Hilo la kwanza ndilo lilinigusa zaidi. Annie Duke, mama wa Kimarekani aliyecheza poka kwa miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 2018, Thinking in Bets, na humo analaumu tabia ya kusema uamuzi ulikuwa mzuri kwa sababu tu ulileta pesa, au mbaya kwa sababu tu uliishia hasara. Mimi nilikuwa najiambia usiku ule nimepata bahati mbaya. Uongo. Nilikuwa nimetuma mizigo kwa kuangalia meseji tu, bila kuangalia salio, labda mara hamsini kabla ya hapo, na kila mara ilipita. Kwa sababu ilipita, nikajiona mjanja, nahudumia wateja haraka. Ulikuwa uamuzi mbovu mara zote hamsini, ila nililipia mara moja.

Na kinyume chake kipo. Uliuliza saizi, ulijaribu pea kumi, ziliuzika, ukachukua sitini, mvua ikanyesha wiki tatu watu wakataka mabuti. Hapo hujakosea. Ukijilaumu ukabadilisha utaratibu wako mzima kwa ajili ya mvua, hapo ndiyo utakuwa umekosea.

Siku hizi nina daftari. Kila mzigo naandika kabla ya kulipa: nimechukua kwa nini, nimeuliza nini, nimekuwa katika hali gani. Mwisho wa mwezi nasoma hizo sababu kwanza, faida baadaye. Mara ya kwanza niliona aibu. Sehemu mbili niliandika "wenzangu wote wanao".

Sasa kutupa karata. Kwenye meza ya watu tisa, mchezaji makini hutupa karibu karata nne katika kila tano alizopewa, hata kabla ya karata ya kwanza ya mezani kufunuliwa. Kazi yake kubwa ni kukaa, kutazama, na kusema hapana. Anayeangalia kwenye TV haoni hilo, maana wanakata vipande wanaonyesha raundi kali tu. Ni kama sisi tunavyoona posti za "mzigo umeisha ndani ya siku moja" na hatuoni mizigo mingapi huyo mtu aliikataa. Mimi kwenye grupu la jumla naona mizigo kama ishirini kwa siku. Nikichukua mmoja kwa wiki mbili, naona nimechukua mingi.

Kuna watu watasema biashara ni kipaji, wengine wamezaliwa nayo. Haya, mtafute Stu Ungar. Wengi wanamhesabu kuwa na kipaji kuliko wachezaji wote. Alishinda mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas mwaka 1980, akashinda tena 1981, akapotea, akarudi 1997 akashinda mara ya tatu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Novemba 1998, alikutwa amefariki kwenye chumba cha gesti hukohuko Las Vegas, umri miaka 45, ana kama dola 800. Mezani alikuwa hashikiki. Alichokipata mezani alikipeleka kwenye mbio za farasi, kubeti michezo na madawa ya kulevya. Ninawajua wauzaji wazuri sana, mdomo wao unauza hata jiwe, na hela ya mauzo inaishia kwenye mkeka wa Jumamosi. Hao hawana shida ya wateja.

Upande wa pili kuna Chris Ferguson, bingwa wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alijipa mtihani: aanze na sifuri kabisa, kwa kucheza mashindano ya bure ya mtandaoni, afikishe dola 10,000. Ilimchukua zaidi ya mwaka, lakini alifika, na kilichomfikisha ni sheria zake. Haweki zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake kwenye meza moja. Kwenye mashindano makubwa yenye watu wengi, asilimia 2. Na hata akiwa anashinda, pesa yake mezani ikizidi asilimia 10 ya mtaji wote, anainuka anaondoka. Mtaji ukipungua, anashuka kwenye meza ndogo. Fikiria bingwa wa dunia anakaa na watu wanaogombea senti, kwa sababu sheria yake inasema hivyo leo.

Nikuambie ukweli, hiyo asilimia 5 kwetu haitekelezeki. Mwenye mtaji wa 500,000 akichukua mzigo wa 25,000 hata nauli hairudi. Mimi nimejiwekea yangu: bidhaa mpya ambayo sijawahi kuiuza, haizidi sehemu moja ya kumi ya mtaji. Niliyoizoea, theluthi moja basi. Na pesa ya kodi, ada na chakula haihesabiwi kuwa mtaji, hata iwe imelala kwenye laini ileile. Nimeihamishia laini nyingine kabisa, na namba ya siri anayo mume wangu. Alicheka nilipomwambia aibadilishe, lakini aliibadilisha.

Kilichoniuma zaidi ni kushuka meza. Baada ya ile hasara sikuwa na mtaji wa kushika mzigo. Nikarudi kuuza kwa picha, mteja analipa kwanza, ndiyo nakwenda Kariakoo kumchukulia pea moja. Faida 2,000, 3,000. Wenzangu tulioanza nao wana fremu, mimi nabeba mfuko mmoja kwenye daladala. Miezi mitano nilifanya hivyo. Ningekopa kausha damu ili nisionekane nimeshuka, leo nisingekuwa naandika haya.

Ila kwa huyo Ferguson kuna sehemu ya pili ambayo wanaomsifia huiruka. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Full Tilt Poker, na alikaa kwenye bodi yake. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilipozibana kampuni za poka mtandaoni, wateja wa Full Tilt wakataka pesa zao, na pesa haikuwepo. Amana zao hazikuwa zimetengwa na pesa ya kampuni. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa mwaka 2014. Kesi ya madai dhidi yake aliimaliza kwa makubaliano bila kukiri kosa, na mwaka 2018 akaomba radhi hadharani. Pesa yake alikuwa na sheria nayo hadi asilimia. Nawaza sana hilo nikiwa na oda kumi zilizolipiwa ambazo sijazinunulia bado. Ile hela iko kwenye simu yangu lakini ni ya watu. Usiilipie tangazo, usiinunulie bando.

Na sasa lile la kucheza. Usicheze. Kwa kuwa mwenye meza anakata kamisheni yake, pesa inayotoka mezani ni ndogo kuliko iliyoingia, kwa hiyo wanaoondoka na faida ni wachache, tena wanaifanya kama kazi ya kutwa. Wewe tayari una meza yako.

Sheria yangu ya mwisho ni hii: nikipata pigo, iwe utapeli, mzigo kupotea, mteja kunitukana, sinunui kitu mpaka saa 24 ziishe. Siposti, sijibu kwa hasira, silipii tangazo. Naona ni sheria ya kitoto, lakini akili yangu saa hizo ni ya kitoto pia.

Mwezi uliopita kifurushi changu kililowa kwenye buti la basi, pea sita, 90,000 imekwenda. Jioni ileile kwenye grupu ukaposti mzigo wa viatu vya ofisini, bei nzuri kweli, saizi zimeandikwa, video ipo. Vidole viliniwasha. Nikampa mume wangu simu nikaenda kupika. Asubuhi mzigo umeisha, dada mmoja kauchukua wote. Wiki iliyofuata akaposti kwamba ameuza hadi pea ya mwisho. Nikampongeza, nikarudi kufunga oda zangu tatu.