Mama wa Maombi, Nyumba Yako Inaendeleaje?

Katika makanisa yetu mengi ni sisi wanawake tunaojaza viti wakati wa mikesha na mifungo ya maombi. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, kwani nyumba nyingi zimesimama kwa sababu ya magoti ya mama. Hata hivyo, lipo swali ambalo kila mwanamke mwenye kiu ya kukua kiroho hana budi kujiuliza: kadiri ninavyozidi kumtafuta Mungu, je, watoto wangu, mume wangu na afya yangu vinapata faida au hasara?

Nauliza nikiwa muuguzi wa kliniki ya akina mama, na pia mtumishi wa kujitolea kanisani. Pande zote mbili nakutana na mama yule yule. Jumapili namwona akishuhudia kwa furaha, Jumatatu namwona kwenye benchi la kliniki akiwa amedhoofu.

Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alifika akilalamika kwamba kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu. Tulipompima, presha ilikuwa juu mno. Alikuwa ameacha dawa zake kwa siku kadhaa kwa sababu yumo katika mfungo, akihofu kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani. Alilazwa siku hiyo hiyo. Tunamshukuru Mungu kwamba yeye na mtoto walitoka salama, lakini si wote wanaofika mapema. Presha ya mimba ikiachwa bila matibabu huweza kuleta kifafa cha mimba, na ugonjwa huo huua mama na mtoto.

Mungu haudharau mwili

Tukisoma Biblia kwa makini tutaona kwamba Mungu haugombanishi moyo na tumbo. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya alichoka hata akatamani kufa. Malaika hakumwanzia kwa mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu. Katika Marko 5, Yesu alipomfufua binti Yairo mwenye miaka 12, neno lake la mwisho kwa wazazi lilihusu chakula: aliagiza mtoto apewe kitu ale. Muujiza ulikwisha kutendeka, lakini mtoto bado alihitaji kula.

Basi mama anayempikia mtoto uji hajatoka mbele za Mungu. Yupo kazini kwa Bwana.

Kabla ya kufunga, fikiri haya

Kufunga ni kwema, lakini hali zetu hazilingani. Ukiwa mjamzito, wewe hufungi peke yako. Kukaa bila chakula na maji kutwa nzima huweza kuleta kizunguzungu na upungufu wa maji mwilini. Usiache vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki. Ukiona kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au uso umevimba ghafla, usisubiri mwisho wa maombi. Nenda hospitali mara moja, na waombezi waendelee kukuombea ukiwa njiani.

Ukiwa unanyonyesha, kumbuka kwamba mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Ukienda mkesha ukamwacha nyumbani, nani atamnyonyesha saa nane za usiku?

Aliye na kisukari, presha, kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asiache wala asibadili dawa bila kumwona daktari. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa miezi 6 bila kuruka, maana ukizikatiza ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu.

Mama wa namna hiyo asijione mnyonge kiroho. Anaweza kufunga televisheni, simu, soda au maneno ya umbea. Huenda mfungo wa ulimi ukawa mgumu kuliko wa tumbo!

Patana na mwenzako

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anawaonya wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa mapatano, kwa muda, ili wapate nafasi ya kuomba, kisha warudiane. Angalia neno hilo la mapatano. Mume asiarifiwe mlangoni, mke akiwa tayari ameshika Biblia na khanga ya kujifunika. Keti naye mapema, mpange nani atabaki na watoto, na mkesha uwe siku gani. Mume asiyeokoka huisoma imani yako kwa jinsi unavyomtendea kabla hajaisoma Biblia.

Je, Martha alikosea?

Wengine watasema, "Mbona Yesu alimsifu Mariamu aliyekaa miguuni pake?" Ni kweli, na mama asiyepata hata dakika kumi za kutulia na Neno atakauka. Lakini Martha hakukemewa kwa sababu ya kupika. Alionywa kwa kusumbuka na mambo mengi. Jiko halikuwa dhambi. Moyo uliojaa wasiwasi ndio uliohitaji kuponywa.

Katika karne ya 17, ndugu mmoja wa monasteri ya Wakarmeli mjini Paris, aitwaye Lawrence, alifanya kazi ya jikoni kwa miaka mingi. Alijizoeza kuongea na Mungu katikati ya sufuria, na wengi walimwendea kuomba ushauri wa kiroho. Nasi tunaweza. Omba unapochota maji. Mwombee kila mtoto unapofua shati lake. Tenga robo saa alfajiri kabla nyumba haijaamka, na usiku ulale, kwa sababu usingizi nao ni zawadi ya Mungu.

Mwezi huu, dada mpendwa, kabla hujajiandikisha kwa mfungo mwingine, waulize watu wawili: muuguzi wa kliniki yako, na mtoto wako mkubwa. Wa kwanza atakuambia hali ya mwili wako. Wa pili atakuambia kama maombi yako yanafika mpaka mezani.