Githeri kwa makaa, gesi au stima: hesabu ya Makutano

Sufuria ya githeri hukaa motoni saa mbili, hata tatu, na hapo ndipo pesa za mpangaji wa Makutano, Meru mjini, zinapoishia. Chai hupikika kwa chochote bila mfuko kuhisi. Kwa hiyo nimelinganisha nishati kwa githeri, mahindi makavu na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, ya kutosha watu watano. Bei ni za kukadiria. Dukani kwako zinaweza kupanda au kushuka kidogo.

Makaa kwanza. Sufuria hiyo hula kama kilo moja na nusu, yaani shilingi 75 hadi 90 ukinunua kwa mkebe. Hiyo ni kwa jiko la kauri, lililoenezwa tangu miaka ya 1980 na linalookoa theluthi moja hadi nusu ya makaa yaliyoliwa na jiko la bati tupu. Ulikuwa mradi mzuri, lakini shabaha yake ilikuwa miti na mfuko, si afya. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, ila yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Baridi ya Julai ikikaza, jiko huingizwa chumbani na dirisha kufungwa. Hakuna jiko la makaa, liwe la bei gani, linalofaa kulala nalo.

Gesi ya mtungi wa kilo 6, ile meko ya kila ploti, hujazwa kwa shilingi 1,200 hivi. Githeri hula robo kilo na zaidi kidogo: shilingi 50 hadi 60. Mkono wa serikali hapa umekuwa wa kigeugeu. VAT iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena Julai 2023. Mradi wa Mwananchi Gas, wa kuuza mtungi wa kilo 6 pamoja na kichomeo kwa shilingi 2,000, ulikwama baada ya maelfu ya mitungi kupatikana na kasoro. Anayesubiri mtungi wa ruzuku ataendelea kuvuta moshi. Kumbuka pia kwamba EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta taa kila tarehe 14, lakini gesi haimo katika tangazo hilo. Ulizia maduka matatu, kisha dai mtungi upimwe mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, nawe ongeza kilo 6. Muuzaji asiye na mizani, mpite.

Stima ndiyo watu wa Makutano wanayoiogopa zaidi, na hofu hiyo ni nusu haki. Koili ya kawaida kwa saa tatu ni hasara tupu. Sufuria ya presha ya stima ni habari nyingine: inafunga joto ndani, na githeri hiyo hiyo hutumia kama nusu yuniti. Kwa nyumba inayotumia yuniti 31 hadi 100 kwa mwezi, hizo ni shilingi 14 hivi, kodi na tozo zikiwemo. Sufuria yenyewe huanzia shilingi 7,000. Ukipika githeri mara mbili kwa wiki na unatoka kwenye makaa, itajilipa kwa karibu mwaka mmoja. Ukitoka kwenye gesi, kama mwaka na miezi minane.

Mtego uko kwenye tokeni. Tangu Aprili 2023 bei nafuu ya Kenya Power inaishia kwenye yuniti 30, siyo 100 kama zamani, na wastani wa miezi mitatu ndio unaoamua daraja lako. Bei ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 12.22 kwa yuniti kwa wa chini, na 16.30 kwa wanaofuata. Ukivuka yuniti 30, bei ya yuniti zako zote inapanda, siyo zile za juu peke yake. Aliyekuwa akitumia 27 kwa taa na televisheni, akiongeza tano za kupikia, anapanda kutoka shilingi 330 hadi 522 kabla ya kodi. Yaani kila yuniti ya githeri imemgharimu karibu 38, na tozo bado. Hata hivyo nusu yuniti bado ni rahisi kuliko gesi. Anayetumia 22 hana la kuogopa.

Kama ploti haina mita yako mwenyewe, usinunue sufuria hiyo kwanza. Landilodi anayegawa bili kwa vyumba hatakuelewa, na majirani pia.

Msaada mwingine wa majiko safi, mradi wa KOSAP uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14. Isiolo ilikuwemo, Meru na Embu hazikuwemo. Aliye na shamba huku juu ana njia nyingine, bayogesi. Mpango wa kitaifa ulioanza 2009 ulimpa mkulima ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mtambo. Leo mtambo wa kujengwa wa mita 8 za ujazo unapita shilingi 100,000. Ukiwa na ng'ombe wawili wa kufugiwa zizini na maji karibu (samadi na maji huchanganywa sawa kwa sawa), githeri inakuwa bure, na tope linalobaki linarudi kwenye kahawa na napia. Mwenye ng'ombe mmoja, au anayeteka maji mbali, afadhali anunue mtungi.